Mshono Uonekane: Vifurushi vya Karatasi na Barua ya Bibi

Kitabu kina kurasa ishirini na nne. Jalada lake ni manila nene iliyobandikwa karatasi ya maua, uti umeshonwa kwa uzi wa kufumia, na ndani mna mifuko, bahasha ndogo, lebo za kuvuta na kisanduku kimoja chembamba kilichobanwa kwenye ukurasa wa mwisho. Nilikitengeneza kwa ajili ya arobaini ya bibi, mama yake baba yangu, aliyefariki mwaka jana kijijini kwetu, wilaya ya Lushoto. Nilitaka siku ya hitma watu wakipitishe mkono kwa mkono, waone picha zake mbili, kadi yake ya kliniki, na barua ambayo babu alimwandikia kutoka kwenye shamba la mkonge.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo, rafiki ninayeishi naye chumba kimoja hosteli alisimama nyuma yangu, akaitazama meza iliyojaa vipande, akauliza: “Sasa hapo wewe umetengeneza nini? Si umepakua tu?”

Sikumjibu vizuri. Nilisema kitu kuhusu ubunifu, naye akacheka, akachukua ndoo yake, akaenda kuoga. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa, ingawa sehemu yake kubwa usiku ule nilikuwa bado sijaijua.

Nianze na vitu vyenyewe, maana si kila msomaji anavifahamu. Kuna wasanii, wengi wao Ulaya na Marekani, wanaouza au kugawa bure mafaili ya kuchapisha na kukata. Kwa kukosa jina bora nayaita vifurushi, ingawa kwetu neno hilo limeshashikwa na kampuni za simu. Unapakua faili moja lililobanwa, unalifungua, unakuta folda: karatasi za nyuma zenye michoro, lebo, bahasha za kukunja, fremu, maua yaliyokatwa tayari na kuondolewa mandhari, pengine na kiolezo cha kisanduku chenye mistari ya kukata na mistari ya kukunja. Kila kifurushi kina mada yake na rangi zake. Ukikitumia kama kilivyo, unapata kitu kinachofanana na picha ya mfano aliyoweka muuzaji. Ndiyo maana waliozama katika sanaa hii huchanganya: karatasi za huku, maua ya kule, kisanduku cha mtu wa tatu. Leseni nyingi zinaruhusu hivyo kwa matumizi binafsi; kinachokatazwa kwa kawaida ni kuuza au kugawa mafaili yenyewe.

Mimi nilichanganya vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha maua ya bustani za kizamani. Cha pili kilikuwa cha barua na safari: hati zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, stempu, risiti, ramani. Cha tatu hakikuwa na picha hata moja, kilikuwa na violezo vya visanduku na mifuko tu. Cha nne, ukitaka kukihesabu, ni boksi la viatu lililokuwa uvunguni mwa kitanda cha bibi.

Kisanduku changu cha kwanza hakikufunga. Mwili wake ulitoka kwenye kiolezo kilichopangwa kwa karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297. Mfuniko niliutoa kwenye kifurushi cha Kimarekani, na Wamarekani hutumia karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Printa ya steshenari ilikuwa imewekwa ijipimie yenyewe ukurasa, kwa hiyo iliupunguza ule wa Kimarekani ili upana wake uingie kwenye A4 yetu. Ni upungufu wa karibu asilimia 3 tu. Kwenye ua huwezi kuuona. Kwenye mfuniko wa sentimita 10 ni milimita 3, na mfuniko uliopungua milimita 3 haufuniki. Nilirudi steshenari, nikamwomba kijana achapishe kwa asilimia 100 kamili, nikalipa tena. Nilijifunza pia kwamba karatasi ya kawaida ya gramu 80 hujikunyata ikiguswa na gundi ya maji, na kwamba kalamu iliyokwisha wino, ukiiburuza kwenye rula, huacha mfereji mzuri wa kukunjia manila.

Nasimulia haya kwa sababu wanafunzi wa fasihi tuna tabia ya kuruka sehemu ya fundi. Darasani tunatenganisha fani na maudhui, kisha mwisho wa mhadhara tunakumbushana kwamba haviwezi kutenganishwa, kisha kwenye mtihani tunavitenganisha tena. Mfuniko ule ulinionyesha kwamba vitu viwili vilivyotoka kwa watu wawili havikutani kwa sababu tu umeviweka meza moja. Kila kimoja kimekuja na vipimo vya kwao. Kuchanganya kunaanza pale unapogundua kwamba haviingiliani, ukalazimika kuamua kipi kitamfuata mwenzake.

Sasa tatizo langu na vifurushi. Karibu vyote vimetengenezwa ili swali hilo lisitokee.

Chukua hiki cha barua na safari. Kila kitu ndani yake kina rangi ya chai. Barua ina rangi ya chai, risiti ina rangi ya chai, ramani na stempu vivyo hivyo. Nilipozitazama kurasa zake kwa muda niliona kwamba doa moja la maji, lenye umbo kama la sikio, limetumika kwenye kurasa tatu. Kwenye moja limegeuzwa kushoto kulia, kwenye nyingine limepinduliwa juu chini. Ni uzee wa kupaka. Hati ya mwaka mmoja na hati ya mwaka mwingine, ya mji huu na ya bara lile, zimepakwa zote zikawa za zama moja zisizo na tarehe, zama zinazoitwa “zamani”. Anachonunua mtu hapo si historia yoyote mahususi. Ananunua hisia ya kuwa na historia, na hisia hiyo imepangwa isimkwaze mtu.

Ndani ya vifurushi vya namna hii kila kipande kinakubaliana na kila kipande. Mnunuzi hawezi kukosea, na huo ndio uzuri wake wa kibiashara. Lakini kazi nyingi za kuchanganya nilizoziona zinaendeleza makubaliano yale yale: mtu anachukua kahawia ya kifurushi hiki na kahawia ya kifurushi kile, anaweka ua kwenye kona, anaongeza utepe, anaita kazi yake ya kipekee. Ni kama mtu anayetunga shairi kwa kukusanya beti za watu wengine zenye vina vinavyofanana bila kuuliza beti hizo zinasema nini. Mizani itatimia. Shairi litasomeka vizuri kabisa, wala halitasema kitu.

Sisemi kila kadi ya siku ya kuzaliwa ibebe hoja. Kadi inaweza kuwa nzuri tu, ikatosha. Nazungumzia kazi zinazodai kuwa ni kumbukumbu ya mtu au mahali fulani. Kwa hizo nina kipimo kimoja: nikikiondoa kipande hiki nikaweka kingine cha rangi hii hii, je, kazi itabadilika maana? Isipobadilika, basi rafiki yangu alikuwa sahihi. Nimepakua tu.

Ramani ilikuwa kipande cha kwanza kukishinda kipimo changu, na nusura niikate kabla sijaisoma. Niliipendea kijani chake kilichofifia. Nilikuwa nimeshaipima kwa rula niipate robo ya kutia kwenye bahasha ndipo nikaona maandishi yaliyotandazwa juu yake: Deutsch-Ostafrika. Nikatafuta kwetu. Nikakuta milima, mito, na mahali ambapo ningetarajia kuona Lushoto palikuwa pameandikwa Wilhelmsthal. Ndivyo Wajerumani walivyouita mji ule enzi za utawala wao. Bibi alishuka kwenye soko la mji huo miaka yote ya maisha yake akiwa na maharage kichwani, na sijawahi kulisikia jina hilo likitoka kinywani mwake. Na hapa lilikuwa limenifikia likiwa pambo, ndani ya faili ambalo mtengenezaji wake huenda alilichagua kwa sababu ile ile niliyoipenda mimi: kijani.

Kipande cha pili kilitoka kwenye kile kifurushi kingine, cha maua ya bustani. Kati ya waridi na maua mengine ya kizungu mlikuwa na ua moja la zambarau, majani manene yenye manyoya, limekatwa vizuri na kuachwa bila jina. Nililitafuta mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe. Likanipeleka kwenye Curtis’s Botanical Magazine, jarida la Uingereza la michoro ya mimea lililoanza mwaka 1787, toleo la mwaka 1895. Ua lenyewe ni Saintpaulia. Limepewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, ambaye mwaka 1892 alilikuta mkoani kwetu na kulifikisha kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalitangaza rasmi kwa jina hilo. Kiasili maua haya yako Tanzania na sehemu ndogo ya Kenya tu. Leo yamejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani.

Fikiria safari hiyo. Ua limetoka kwenye milima yetu, likaenda Ujerumani, likachorwa Uingereza, likaskaniwa na maktaba, likaondolewa mandhari na jina, likatiwa ndani ya kifurushi cha bustani za kizungu, likanirudia mimi hosteli kwa bando la usiku.

Niliukata mchoro wa ua ule kwa wembe, nikaubandika juu ya ramani, shina lake likianzia pale palipoandikwa Wilhelmsthal. Kila kifurushi peke yake kilikuwa kimenyamaza. Mmoja alikusanya maua kwa uzuri wake, mwingine akakusanya karatasi kwa ukongwe wake, wala hawakujuana. Vilipogusana, vikaanza kusema jambo ambalo hakuna hata mmoja wao alilikusudia: mahali pamoja palichukuliwa jina, na papo hapo ua likachukuliwa likapewa jina la mchukuaji. Ukiondoa ua hilo ukaweka waridi la zambarau hiyo hiyo, sentensi inakufa. Darasani tungeuita huo mwingiliano-matini. Mezani ulikuwa ni gundi na wembe, na nilijua nimetengeneza kitu.

Kutafuta chimbuko la picha siku hizi si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliachia huru picha za kazi zipatazo 375,000. Mwaka 2020 Smithsonian ikaachia zipatazo milioni 2.8. Mtu yeyote anaweza kuzichukua, azikate, azichanganye. Tofauti ni kwamba ukizikuta kwenye hifadhi hizo zina maelezo pembeni: nini hiki, cha lini, kimetoka wapi. Zikishaingia kwenye kifurushi maelezo hubaki nje. Anayechanganya kwa makini ni yule anayerudi mlangoni kuyaulizia.

Wapo waliofanya hivi kabla yetu kwa mkasi tu. Hannah Höch wa Berlin ndiye anayenivutia zaidi, kwa sababu ya kazi yake ya mchana. Kuanzia mwaka 1916 hadi 1926 aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji ya Ullstein, akichora ruwaza za tarizi na ufumaji kwa ajili ya magazeti ya wanawake. Yaani alikuwa akitengeneza vifurushi: michoro ambayo mwanamke nyumbani angeifuata hatua kwa hatua. Kisha kwenye sanaa yake mwenyewe aliyachukua magazeti ya aina hiyo akayakatakata. Katika mfululizo wake uitwao Aus einem ethnographischen Museum, yaani “Kutoka kwenye jumba la makumbusho ya makabila”, aliunganisha picha za vinyago na sanamu, nyingi zikiwa za Afrika, na miguu, macho na midomo ya wanawake wa Ulaya. Viungo havikai sawa. Kichwa ni kikubwa mno, jicho moja limetoka kwingine. Hakujaribu kuficha alipounganishia, na hapo ndipo mtazamaji anaposhikwa.

Hata hivyo nikimtazama kutoka huku nakwama. Vinyago vile vilikuwa na wachongaji na kazi maalumu huko vilikotoka, na kwenye kolaji zake havina jina la mchongaji wala la mahali. Alimhoji mwanamke wa Ulaya kwa kutumia kinyago cha Mwafrika, ila kinyago chenyewe hakikuulizwa kitu. Ni kosa lile lile la kifurushi, isipokuwa limefanywa na mtu mwenye akili kubwa zaidi.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, analijibu hilo kwa vitendo. Katika kolaji zake kumi na mbili ziitwazo Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, alichukua kurasa za michoro ya zamani ya kitabibu kuhusu magonjwa ya mfuko wa uzazi, akazibandika vipande vya magazeti, manyoya na vimetameta hadi zikawa nyuso. Ukurasa wa chini haufutiki. Unaiona sura ya mwanamke, na chini yake unaona mchoro wa daktari, na huwezi kuchagua kuona kimoja tu. Anakilazimisha alichokiokota kiendelee kuwa kile kilichokuwa, huku akikifanya kiseme kingine.

Naogopa msomaji ataona nimejipandisha ngazi, nimetoka kwenye maua ya kupakua nimefika kwenye makumbusho. Basi nirudi nyumbani. Historia ya leso inavyosimuliwa pwani yetu ni historia ya kuchanganya vifurushi. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapishwa nchi za nje, vikiuzwa vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Neno lenyewe leso limetokana na Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi. Badala ya kuvitenganisha kimoja kimoja kama alivyokusudia mtengenezaji, walikata vipande viwili vya vitambaa vitatu vitatu, wakavishona pamoja, vikawa sita, vikawa nguo. Wengine walishona vya michoro tofauti, mtu akapata vazi ambalo jirani yake hana. Baadaye wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuchapisha kitambaa kizima kwa mpango huo, na hatimaye kikapata pindo, mji na jina tunavyovijua leo.

Hakuna anayemwuliza mwanamke yule: “Sasa hapo wewe umetengeneza nini? Si umenunua tu?” Kila mtu anaona alichokitengeneza. Kiko kwenye mshono.

Hapo ndipo nadharia yangu ilipofikia nilipopanda basi kwenda Lushoto na kitabu kwenye begi, nikiwa nimejiridhisha sana.

Siku moja kabla ya hitma nilimkuta shangazi sebuleni, kwenye mkeka, akichambua mchele.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Hebu lete nikione hicho kitabu kabla watu hawajakipaka mafuta ya pilau.”

Alikipokea kwa mikono miwili. Alifungua taratibu, akilowesha kidole. Alipofika kwenye ramani alilitambua ua kabla sijaeleza chochote. “Haya mbona yapo kule mtoni, kwenye mawe,” akasema, na akaendelea. Safari yote ile ya Ujerumani na Uingereza sikuisimulia tena.

Kisha akafika kwenye barua.

Nieleze nilivyoifanya. Barua ya babu ni ukurasa mmoja wa daftari, wino wa buluu. Niliiskani. Nikaififisha kwenye kompyuta ili iwe nyuma ya picha, nikaipaka ile rangi ya chai ya kifurushi ili ioane na kurasa nyingine, nikaichapisha. Juu yake nikabandika picha ya bibi, na chini ya picha nikaweka lebo yenye fremu ya majani, nimeandika jina lake kwa mwandiko wangu bora. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko zote.

Shangazi aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Mstari wa nne uko wapi?”

Sikuelewa. Akaanza kuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, na kidole chake kikatua juu ya lebo.

Bibi hakujua kusoma. Barua ile ilipofika, mwaka 1968, alisomewa na mwalimu wa shule ya msingi, akamwomba airudie tena na tena hadi akashika kila mstari unasema nini. Baada ya hapo hakumhitaji mwalimu. “Alikuwa ananikalisha hapa,” shangazi akasema, akigusa mkeka kando yake, “anaifungua, anaweka kidole. Wa kwanza salamu. Wa pili salamu. Wa tatu habari za mkonge. Wa nne wewe.” Mstari wa nne ndipo babu alipoandika kwamba amepata habari ya kuzaliwa mtoto wa kike, na jina analotaka apewe. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa mbele yangu na ungo wa mchele.

Hakukasirika. Aliuliza kama barua yenyewe ipo. Nikamwambia ipo, iko kwenye mfuko wa nailoni ndani ya boksi. “Basi haina neno,” akasema. Lakini alikifunga kitabu bila kumaliza kurasa zilizobaki.

Nimelifikiria sana tukio hilo, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyokataa tafsiri rahisi. Tafsiri rahisi ni kwamba niliigeuza barua kuwa ruwaza, na barua si ruwaza, ni matini, inapaswa kusomwa. Lakini bibi naye hakuisoma. Kwake pia ilikuwa michirizi ya buluu kwenye karatasi. Kwa miaka zaidi ya hamsini aliitazama kama picha. Tofauti yetu ni kwamba kwenye picha yake kila mchirizi ulikuwa na mahali pake, na hakuna mmoja ungeweza kusimama badala ya mwingine. Mimi, ninayesoma, na ninayesomea kusoma hadi uzamili, niliitazama nikaona usuli. Nilipotafuta pa kuweka lebo niliangalia nafasi, mizania na rangi. Mstari wowote ungefaa.

Kipimo nilichokitumia kwa ujeuri kwenye ramani na ua, kile cha kuuliza kama kipande kinabadilishika, sikukitumia kwenye boksi la viatu. Niliziamini karatasi za nyumbani kiasi cha kutozisoma. Nilidhani zikiwa za kwetu tayari zina maana, hazihitaji kuulizwa. Nikazipaka rangi ya wageni ili zifanane nao.

Usiku ule hapakuwa na printa ya kunisaidia. Nilikuwa na wembe, gundi na taa ya simu. Nilijaribu kuibandua lebo. Ikatoka nusu, nusu nyingine ikang’oa karatasi, pakabaki jeraha jeupe lenye nyuzi nyuzi pale kwenye mstari wa nne. Nikafikiria kulifunika kwa ua. Nina maua mengi. Nikaliacha. Nikaenda ukurasa wa mwisho, kwenye kile kisanduku chembamba ambacho mfuniko wake ulinigharimu safari mbili za steshenari. Nilikuwa nimekijaza vijikaratasi vya mapambo kwa kukosa cha kuweka. Nikavitoa, nikamwomba shangazi barua yenyewe, nikaiweka ndani ikiwa imekunjwa kwa mikunjo ile ile ya bibi. Iliingia. Kutoka kwenye jeraha nilipitisha uzi wa kufumia hadi kwenye kisanduku, ili anayeuona ukurasa ulioharibika ajue pa kwenda.

Siku ya hitma kitabu kilipita mikononi mwa watu kama nilivyotaka, na mafuta ya pilau kilipata. Watoto walifuata uzi. Hakuna aliyeuliza vipande vimetoka kwenye vifurushi gani. Wengi waliuliza ni kwa nini pale katikati pamechanika, na kila aliyeuliza shangazi alimhesabia mistari.

Kwa rafiki yangu wa hosteli, basi, jibu ni hili. Vipande vingi si vyangu, na sioni aibu. Changu ni pale vinapokutana, na mimi ndiye wa kulaumiwa vikikutana vibaya.

Imebaki barua ya Kifaransa. Kile kifurushi cha pili kina ukurasa mmoja wa mwandiko mzuri uliolala, wino wa kahawia, na doa la umbo la sikio kwenye kona. Niliutumia kwenye kurasa nne za kitabu, chini ya bahasha, nyuma ya stempu, kwa sababu unaoana na kila kitu. Niliporudi chuoni niliufungua kwenye kompyuta, nikaukuza, nikamwita mwanadarasa mwenzangu anayetoka Bujumbura anisomee.

Alichukua muda kuuzoea mwandiko. Ni barua ya kawaida, akasema. Mwandishi anaomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Kumenyesha sana huko. Halafu anauliza kama jino la mtu fulani limepona.

“Mtu gani?” nikauliza.

Akasogea karibu na kioo. Ukurasa ulikatwa ili ukae sawa na vipimo vya kifurushi, na jina lilikuwa mwisho wa mstari. Imebaki herufi ya kwanza tu.